Ubeti wa Tatu wa Mama

Kazi yangu ni kusafisha sauti za watu. Chumba changu kiko mtaa wa Kongo, huku Kawangware, Nairobi, nyuma ya mashine ya kusaga unga, na ukutani nimebandika trei za mayai na blanketi kuukuu ili mwangwi usirudi. Tunarekodi mashine ikinyamaza. Ikianza kusaga, tunakunywa chai. Waimbaji wa injili hupita hapa, na vijana wa kufokafoka, na wachungaji wanaotaka mahubiri yao yawe na mshindo kuliko walivyohubiri. Wote nimewasikia wakikohoa na wakikosa pumzi katikati ya neno. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Basi mwosha ni mimi, na nilijivunia kwamba hakuna aliyetoka mikononi mwangu akiwa na uchafu.

Nina kiburi cha masikio, sitaficha. Nikipita duka ambalo spika yake inakoroma, naingia na kumwambia mwenyewe aitengeneze. Wengine hunishukuru, wengine huniuliza kama nimekuja kununua sukari au kutafuta maneno.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya kanisa letu Kibera, upande wa Laini Saba, si mbali na reli. Kwaya ile wengi ni watu waliotoka Magharibi mwa Kenya kama sisi: mafundi wa viti, wauza mboga, akina mama wanaofulia watu nguo. Mama alikuwa na sauti ya juu iliyonyooka, ambayo haikuhitaji maikrofoni. Nilipokuwa mdogo nikicheza nje, niliweza kujua ibada imefika wapi kwa kumsikiliza yeye tu. Nilimwonea fahari sana, na nadhani kazi hii nimeipendea huko.

Kwaya hiyo ina desturi yake. Anayeanzisha wimbo ndiye anayeumaliza. Hata akiwa na mafua, hata akiwa amekosana na mwalimu wa kwaya, wimbo uliofunguliwa na kinywa chake hufungwa na kinywa chake. Ukimpa mtu mwingine aumalizie mwenyewe akiwa hai, watu wataanza kuulizana amelazwa hospitali gani. Na wimbo ukishatoka mikononi mwake hivyo, hurudi mara chache. Anayepokea mmoja hupokea na mingine.

Kabla mama hajaugua, kwaya iliniita nirekodi nyimbo zao palepale kanisani. Nilining'iniza maikrofoni kwenye boriti, mabati juu, kayamba upande wa kushoto, akina mama wamesongamana kama wanaogopa baridi. Wimbo mmoja waliutunga wenyewe, wa yule mwanamke wa kwenye Injili aliyepoteza shilingi akawasha taa na kufagia nyumba nzima. Ubeti wa kwanza anagundua imepotea. Wa pili anafagia. Wa tatu anaiona na kuwaita majirani. Tulimaliza beti mbili, kisha stima ikapotea mtaa mzima, watu wakaenda nyumbani wakisema tutamalizia siku nyingine.

Siku hiyo nyingine haikufika upesi. Mama alikuwa na goita shingoni, imekua polepole kwa miaka mpaka ikaanza kumkaba akilala. Akafanyiwa upasuaji. Goita ikatoka, na mama akaamka na sauti isiyokuwa yake. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, kama mlango wa mabati unaoburutwa kwenye saruji. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi. Haikurudi. Mama hakulia mbele yetu. Alijifunza kupiga makofi mlangoni badala ya kuita mtu aliye mbali, na sokoni akaanza kuonyesha bei kwa vidole.

Mwalimu wa kwaya, mwanamume mpole ambaye hujikuna kisogo akiwa na jambo gumu, alikuja nyumbani kumwona. Akazunguka sana kwa maneno. Mwishowe akasema kuna mama mmoja mdogo wa umri kwenye kwaya, sauti yake ni nzuri, labda angemsaidia kumaliza ule ubeti uliobaki ili kazi itoke.

"Kwani nimekufa?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Hakuna mtu amesema hivyo."

"Basi nitaimba. Nimefungua huo wimbo, nitaufunga."

Wakakubaliana hivi: mama arekodi ubeti wa tatu kwangu, kisha kwaya nzima isikilize kanisani Jumamosi ya mazoezi. Wakiupokea, mama atabaki mahali pake mbele. Wasipoupokea, nyimbo zake atapewa yule mama mdogo. Mwalimu hakuyasema haya ya mwisho waziwazi, ila kila mtu aliyajua, na mama aliyajua kuliko wote.

Akaja kwa miguu kutoka Kibera hadi kwangu asubuhi moja, ana kunde ndani ya mfuko, za kunipa mimi. Mashine ya unga ilikuwa imenyamaza. Nikamvalisha hedifoni, akacheka kwamba zinamfanya aonekane rubani. Kisha akaimba.

Sijui niandike vipi nilichosikia. Hakukosea noti. Aliushusha wimbo chini, mahali ambapo koo lake jipya lingeufikia, na akautoa polepole, kila neno likikwaruza kidogo likitoka. Kama angekuwa mama wa mtu mwingine, ningesema hapo ndipo mwanamke wa kwenye wimbo anapoiona shilingi baada ya kufagia mpaka kiuno kikauma. Lakini alikuwa mama yangu, na masikio yangu yalikuwa yakitafuta ile sauti ya zamani kila sekunde na kuikosa. Nikaona aibu. Naliandika neno lenyewe kwa sababu ndilo. Haikuwa huruma wala majonzi. Nilimwonea mama yangu aibu.

"Irekodi tu vile iko," akaniambia alipomaliza. "Usiongeze kitu."

Nikamwambia sawa. Akaenda nyuma ya pazia la blanketi kunywa maji na kufunga leso yake. Wakati huohuo mlango ukagongwa. Alikuwa mteja wangu, mwimbaji wa injili anayejua kuvaa, amefika kabla ya saa yake na alikuwa amesimama pale nje kwa muda.

"Niaje," akasema. "Huyo alikuwa anaimba ni nani? Ama ulikuwa unasukuma meza?"

Pazia lile ni blanketi tu, halizuii hata kupiga chafya.

"Ni mathe flani tu wa church," nikasema.

Mama akatoka. Alimsalimia yule kijana vizuri, akamwombea baraka kwa kazi yake. Kisha akanigeukia mimi, akanipa mkono kama mteja yeyote anavyoagana na fundi.

"Asante sana, fundi," akasema. "Mungu akubariki."

Akaondoka. Alinisitiri, mama yangu. Alinisikia nikimkana, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuusaidia uongo wangu usimame. Nilirekodi yule kijana mchana kutwa na sikumbuki hata wimbo mmoja aliouimba.

Alasiri yule kijana alipoondoka, nikaufungua ubeti wa mama kwenye kompyuta. Hapa nieleze kidogo ufundi wenyewe. Kila sauti ina uzito wa chini, mwili wa katikati na makali ya juu. Kuna programu inayosikiliza rekodi moja na kuchora mstari unaopanda na kushuka, kuonyesha rekodi hiyo ina kiasi gani cha kila masafa, kuanzia mazito mpaka makali. Kisha inasikiliza rekodi ya pili na kuchora mstari wake. Ukibonyeza, inapandisha palipopungua na kushusha palipozidi mpaka rekodi ya pili ifanane na ya kwanza. Hutumika sana mtu akiimba nusu ya wimbo leo na nusu mwezi ujao, ili msikilizaji asijue umeungwa.

Nikachukua beti zile mbili za kanisani, nikaiambia programu: huyu ndiye mama. Nikachukua ubeti wa tatu, nikaiambia: mfanye huyu awe yule.

Mashine ya unga ilikuwa imeanza tena kusaga. Sheria yangu mwenyewe ni kwamba ikisaga hakuna kusikiliza kitu cha maana, kwa sababu inameza sauti zote za chini na kukudanganya juu. Wateja wangu wote wamenisikia nikiihubiri. Siku hiyo sikungoja. Sikutaka kuisikiliza sauti ya mama chumba kikiwa kimya, ndio ukweli. Nikatazama mistari kwenye kioo, na mistari ilikuwa imelaliana vizuri kabisa, wa rangi ya samawati juu ya wa kijani. Nikaridhika kwa macho, nikahifadhi faili, nikaenda kupika zile kunde.

Jumamosi kanisani kulikuwa na watu wengi kuliko mazoezi ya kawaida. Akina mama walikuja na watoto, mchungaji akaketi benchi la mbele. Mama alivaa sare ya kwaya ingawa haikuwa siku ya sare, na alikuwa amefunga skafu shingoni kufunika kovu. Aliketi mahali pake pale mbele. Nikaunganisha kompyuta kwenye spika kubwa ya kanisa.

Ubeti wa kwanza ukatoka, na wote wakatabasamu. Ilikuwa sauti yake, ile ya zamani, imenyooka juu ya mabati. Wa pili, wengine wakaanza kuupokea kwa midomo iliyofungwa. Mama alikuwa akitikisa kichwa polepole, macho chini. Kisha ukaja wa tatu.

Kilichotoka kwenye spika hakikuwa mtu. Kila penye "s" palikuwa na mluzi uliokata masikio. Pumzi zake zilikuwa kubwa kuliko maneno, zinachakacha kama mtu anayetikisa mchele kwenye ungo. Ule uzito wa sauti yake, kitu pekee upasuaji ulichomwachia, ulikuwa umefyekwa wote, na kilichobaki kilikuwa chembamba, kinalalama, kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya ndoo.

Nikaelewa palepale nimefanya nini. Beti zile za kwanza hazikuwa mama peke yake. Maikrofoni moja kwenye boriti ilikuwa imeokota mabati, kayamba, akina mama wote waliokuwa nyuma yake. Makali yale ya juu yalikuwa ya kayamba na ya paa, na mimi nimekulia chini ya paa lile, naijua sauti yake mvua inapoanza kuligonga kabla haijafika chini. Mwanafunzi wa wiki moja ningemgombeza kwa kosa hilo. Nilikuwa nimechukua kanisa zima na kumvika mwanamke mmoja aliyesimama peke yake kwenye chumba cha blanketi. Cha kuazima hakisitiri matako.

Mtu akacheka nyuma, kisha akageuza kicheko kuwa kikohozi. Akina mama wakatazama viatu vyao. Mwalimu wa kwaya akajikuna kisogo. Na mama, ambaye masikio yake hayakufanyiwa upasuaji wowote, akainua uso na kuuliza jirani yake kwa ile sauti nzito, kwa dhati kabisa, anataka kujua:

"Huyo ni nani?"

Jirani akageuza macho kwangu. Nikamwona mama akianza kuelewa. Alinitazama mara moja, kisha akaangalia spika, kisha mikono yake.

Wimbo ukaisha. Mwalimu wa kwaya akaniuliza mimi kwa upole, "Sasa, dada, hapa mambo ilienda aje?" Nilikuwa nimefungua mdomo. Ndani ya kompyuta ileile, kwenye folda ileile, nilikuwa na ubeti wa mama kama alivyouimba. Ningebonyeza tu. Lakini ningebonyeza, ningelazimika kuwaambia watu wote, na yeye akiwemo, kwamba aliniomba nisiuguse na nikaugusa, na kwa nini. Nikatafuta maneno ya kiufundi ya kujifichia, na hata hayo yakakataa kuja.

Mama akasimama.

"Msimsumbue," akasema. "Huyu ni mtoto wangu, na amejitahidi. Ni mimi niliimba vibaya. Sauti imekataa."

"Mama," nikasema.

"Keti," akaniambia.

Nikaketi. Nilikuwa mtu mzima mwenye studio yake, nikaketi kama niliyeambiwa na mwalimu wa darasa. Mama akamwita yule mama mdogo aje mbele, akamshika bega na kumsimamisha mahali pake, akasema yeye sasa ataenda nyuma akasimame na wanaume wa sauti ya tatu, kwamba huko koo lake litapata kazi. Watu wakapiga makofi, yale ya kumshukuru mtu anayestaafu. Mchungaji akaomba. Katika yale maombi nilitajwa mimi pia, kwamba Bwana ainue kazi ya mikono yangu, na nilitamani ardhi inimeze na viti vyote.

Njiani kurudi sikuweza hata kujikasirikia vizuri. Hasira ina heshima yake, na mimi sikuwa nayo.

Nilichukua muda kabla ya kwenda kwake. Kila siku nilipata sababu, na mteja hakosekani. Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta ameketi mlangoni akichambua mrenda kwenye sinia. Nikamwambia nina kitu ningependa asikilize. Akafuta mikono kwenye leso, akavaa hedifoni, safari hii bila utani wa rubani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake vilikuwa vikigonga goti kufuata wimbo. Pale mwanamke anapowaita majirani, akafumba macho. Kisha akavua hedifoni na kunirudishia.

"Hii ndio niliimba?"

"Ndiyo, mama."

"Si mbaya," akasema. Akafikiri. "Hapo mwisho nimeishusha vizuri."

"Ni nzuri sana, mama. Ni nzuri kuliko ile nyingine."

Akarudia mboga zake. Alichambua majani kadhaa, akatupa bua moja kando.

"Na siku ile pale kanisani, ulikuwa nayo?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uzoefu.

"Nilikuwa nayo."

Hakuniuliza mbona sikuicheza. Laiti angeuliza, ningepata pa kuanzia kuomba msamaha. Alisema tu, "Haya," kisha akaniuliza kama nimekula, nami nikasema bado, akanipikia. Nilimwomba msamaha sahani ikiwa mapajani, maneno yakichanganyika na ugali. Akasema yameisha. Mama husema yameisha upesi, hata ya watu wengine, na sijawahi kujua kwake huisha lini kwa kweli. Ubeti wa tatu ulikuwa umesharekodiwa na yule mama mdogo kwenye studio ya mtu mwingine. Sikuulizwa, na sikustahili kuulizwa. Ameuimba vizuri.

Jumapili hizi ninaenda ibada Kibera. Mama anasimama mstari wa nyuma, kati ya fundi wa viti na mzee mmoja mlinzi, na anaimba kwa nguvu zake zote. Sauti ile nzito imepata mahali pake. Inawabeba wale wanaume, wanaiegemea wakipotea, na ukisikiliza vizuri unaisikia chini ya wimbo mzima. Sasa ninaisikia na haininyimi raha hata kidogo. Ninaitaka. Ningeitambua kati ya kwaya mia.

Jumapili iliyopita nilisogea ukutani, nikainua simu na kuanza kurekodi, nipate kuwa nayo tu, ya kwangu mwenyewe, bila kuigusa. Mama aliniona. Hakukasirika, hakugeuza hata uso. Alifunga mdomo. Wanaume wakaendelea bila yeye, wakayumba kidogo, na yeye akasimama katikati yao, midomo imebanwa, akiitazama simu yangu kwa utulivu, mstari mmoja wa wimbo, na wa pili, na wa tatu.

Nikairudisha mfukoni. Akaanza kuimba.